Mume wangu anataka tuhame ili mtoto awe na chumba chake

Mama, pokea salamu zangu kutoka mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Nimekuwa nikisoma majibu yako unayowapa wenzangu, na leo nimeona nami niombe shauri.

Nina umri wa miaka 27. Mimi ni karani wa hesabu katika shule moja ya kibinafsi, na mume wangu ana kibanda cha vipuri vya magari kule Kirinyaga Road. Nina ujauzito wa wiki 29, wa kwanza, na kliniki wamenipa tarehe ya katikati ya mwezi wa saba. Namshukuru Mungu, mimi na mtoto tu wazima. Kinachonikosesha usingizi ni chumba.

Tunaishi katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala, orofa ya tatu, kodi shilingi 15,000. Si kubwa, lakini chumba cha kulala kinapata jua la asubuhi, na majirani tunajuana kwa majina. Sasa, tangu wifi yangu aliyeko Marekani apate habari za mimba, amekuwa akimtumia mume wangu picha za chumba alichomwandalia mwanawe. Kuta zimepakwa rangi ya samawati, kitanda cheupe kimezungushiwa mito laini pande zote, wanasesere wamejaa, na kuna kamera ndogo ya kumwangalia mtoto akiwa amelala peke yake. Mume wangu amezitazama picha hizo mpaka zimemwingia. Amepata nyumba ya vyumba viwili Buruburu, kodi 28,000, na anataka tuhamie mwezi ujao. Anasema itabidi tukwangue rangi ya zamani ya chumba cha mtoto kwa sababu imebanduka, kisha tupake mpya, na kazi hiyo tutaifanya wenyewe ili kuokoa pesa.

Akiba yetu yote ni shilingi 110,000. Nilipomwambia tungoje, alikasirika. Alisema, "Mwanangu hatalala kwenye kona kama nilivyolala mimi." Kwao walikuwa watoto wengi na yeye alilala jikoni na ndugu zake mpaka alipoingia sekondari. Niliposikia hivyo nilinyamaza, na tangu siku hiyo hatujalizungumza tena, ingawa najua anaendelea kuwasiliana na wakala wa nyumba.

Upande wa pili yuko mama mkwe. Atakuja kukaa nami nikijifungua, jambo ninalolishukuru. Lakini amenionya kwamba nisinunue hata soksi kabla mtoto hajafika, kwamba ni kuita mkosi. Mimi nilikuwa tayari nimenunua vinguo vya mitumba soko la Gikomba. Nimevifungia kwenye sanduku chini ya kitanda, pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, na kila akipiga simu najihisi kama mwizi.

Kazini nako wenzangu wanataka kunifanyia sherehe ya kumkaribisha mtoto na wananiuliza niletewe nini. Sijui niwaambie nini. Je, tuhame? Nimfanyeje mama mkwe? Na kwa nyumba kama yetu, niandae nini hasa?

Mama Mtarajiwa, Umoja

*

Binti yangu, hongera kwa ulikofika. Msihame. Si mwezi ujao, na si kwa sababu ya mtoto. Nitakueleza kwa nini, na ningependa umsomee mume wako jibu hili lote, maana sehemu yake ni kubwa.

Chumba hicho mtoto hatakitumia. Mtoto mchanga anafaa kulala chumba kimoja na wazazi wake, karibu kabisa na kitanda chao lakini mahali pake mwenyewe, kwa miezi 6 ya kwanza angalau. Usidhani huu ni ushauri wa kuwafariji wasio na nafasi. Ndio ushauri unaotolewa na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, huko huko aliko wifi yako, kwa familia zenye vyumba vinne na vitano. Sababu yao ni kwamba kulala karibu na mzazi kunapunguza hatari ya vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Nami kama mkunga naongeza sababu nyingine: kunyonyesha. Wiki za kwanza mtoto huamka kunyonya kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Ukimweka chumba cha pili, utakuwa ukivuka sebule gizani mara nne au tano kwa usiku, pengine na mshono bado haujapona. Nimeona mama wengi wakianza hivyo. Usiku mmoja mama anachoka, anaketi na mtoto kwenye kochi ili amnyonyeshe "kidogo tu", usingizi unamchukua, na mtoto anateleza katikati ya mito. Kochi ndipo mahali pa hatari kuliko pote pa kusinzia na mtoto.

Ile mito laini iliyozunguka kitanda kwenye picha nayo msiitamani. Mtoto wa miezi miwili uso wake ukigandamana na kitu laini, hana nguvu ya kujiondoa. Marekani yenyewe ilipiga marufuku uuzaji wa mito ya aina hiyo kwa sheria ya mwaka 2022. Huenda wifi yako aliinunua kabla ya hapo, au alipewa na rafiki. Simlaumu, nia yake ni njema. Lakini mume wako ajue kwamba sehemu ya kile anachokionea wivu kimeshaondolewa madukani kule kule.

Sasa hesabu, na wewe ni karani, utanifuata vizuri. Kuingia nyumba ya Buruburu kunahitaji kodi ya mwezi wa kwanza na amana, yaani 56,000 kabla ya gari la kuhamia na rangi. Nusu ya akiba imekwenda. Kisha kila mwezi mtalipa 13,000 zaidi ya mnacholipa leo, na kwa mwaka hizo ni 156,000, zaidi ya akiba yenu yote. Mnaingia gharama hiyo katika miezi ambayo kibanda kitafungwa mara kwa mara na nyumba itakuwa na mdomo mmoja zaidi. Mkifika Septemba mna chumba cha samawati kisicholaliwa na mtu, na hamna pesa ya teksi ya kumpeleka mtoto hospitali usiku akipata homa.

Na hiyo kazi ya kukwangua rangi, wewe usiikaribie hata kidogo. Nyumba nyingi za Buruburu zilijengwa miaka ya 1970, na rangi za enzi hizo mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Ukiikwangua inakuwa vumbi, vumbi unalivuta, na risasi hupita kutoka damu ya mama hadi kwa mtoto aliye tumboni na kudhuru ubongo unaojengeka. Vumbi hilo hilo husalia sakafuni, mtoto akianza kutambaa analilamba vidoleni. Hata kama mngekuwa na milioni benki, kwa sababu hii peke yake ningekuambia uiache nyumba hiyo.

Nizungumze na mume wako kidogo. Mwanangu, nimesikia uliyosema kuhusu kona. Ulilala jikoni, na umeapa mwanao hatapitia hayo. Hilo ni jambo la heshima, na mkeo asilichukulie kama ukaidi. Lakini kitanda kilicho mkono mmoja kutoka kwa mama yake si kona. Mtoto wa wiki mbili hajui kuta zina rangi gani. Anajua harufu ya maziwa ya mama na sauti yako. Kile ambacho hukupata ukiwa mdogo, nafasi ya kutandaza vitabu, mlango wa kufunga, kitanda chako peke yako, mwanao atakihitaji kweli, ila ni baada ya miaka. Anza kuweka akiba ya nyumba hiyo mtoto akishatimiza mwaka, na biashara ikiwa imesimama. Kwa sasa kuna kazi ambazo hakuna mwingine atakayezifanya kama wewe hukuzifanya. Mkeo ameajiriwa, anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya SHA, bima ya afya ya serikali. Thibitisheni kwa *147# kwamba amesajiliwa, na aulize mwajiri kama makato yanafika. Wewe uliyejiajiri unatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo usingoje uchungu uanze ndipo utafute pesa. Viwango vilivyotangazwa ambavyo SHA hulipia hospitali ni shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Mkichagua hospitali ya kibinafsi inayotoza zaidi ya hapo, tofauti inatoka mfukoni mwenu. Nendeni mkaulize bei sasa, nyote wawili, na mwulize pia bei ya upasuaji hata kama hamuutarajii.

Kisha tafuta dereva. Kutoka Umoja, hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu, na ile ya Pumwani haiko mbali, lakini saa nane usiku mvua ikinyesha umbali unabadilika. Uwe na namba za watu wawili wenye magari, jirani mmoja na dereva mmoja wa teksi, ambao wamekubali kabisa kuamshwa. Mkeo akitokwa na damu, akiumwa kichwa vibaya au macho yakaona ukungu, uso ukivimba, maji yakivunjika, au mtoto akipunguza kucheza tumboni, mnaondoka saa hiyo hiyo. Hakuna kungoja kupambazuke.

Narudi kwako, binti yangu. Niliposoma barua yako mara ya pili niliona mtu mmoja ambaye hamjamwandalia chochote, naye ndiye atakayehitaji nafasi kweli: mama mkwe. Anakuja kukuhudumia kwenye nyumba ya chumba kimoja. Atalala wapi? Ataweka nguo zake wapi? Ataoga saa ngapi ikiwa maji ni ya mgao? Nimeona uzazi mwingi ukiharibika kwa mambo haya madogo. Bibi analala kwenye kochi fupi, mgongo unamuuma, baada ya siku kumi anarudi kwake amenuna, na mama mchanga anaachwa peke yake akiwa bado hawezi hata kuinua ndoo. Kama kuna pesa ya kutumia kwa starehe, itumieni hapo. Nunueni godoro zuri la kukunja au kuegemeza ukutani mchana, blanketi nzito, na pazia la kugawa sebule usiku ili apate faragha yake. Mwachieni rafu moja ya kabati. Mume wako ndiye alipange jambo hili, maana ni mama yake, naye ndiye ajuaye kama anaweza kulala chini au anahitaji kitanda.

Mahali pa mtoto sasa. Sogezeni kitanda chenu upande mmoja wa chumba mpate nafasi ya kitanda chake upande unaolala wewe, mbali kidogo na dirisha ili kamba za pazia na upepo visimfikie. Mafundi wa mbao wa Ngong Road watawatengenezea kitanda kizuri, na wa Gikomba pia, mara nyingi kwa bei nafuu zaidi, lakini nendeni na vipimo vyenu, msimwachie fundi akisie. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, mwili wa mtoto usipenye kichwa kikabaki. Kopo la soda likipita katikati ya fito, kikataeni. Ubavu usiwe wa kushuka na kupanda. Aina hiyo imewanasa watoto wengi. Kusiwe na nakshi zilizochomoza wala misumari ya kuhisi kwa kidole. Kiagizeni mapema ili vanishi ikauke na harufu iishe kabisa kabla ya Julai. Godoro liwe gumu, bapa, na likae sawasawa ndani ya kitanda. Vidole vyako viwili vikipita kati ya godoro na ubavu, ni dogo mno. Juu yake shuka moja lililobanwa vizuri, basi. Hakuna mto, hakuna mdoli, hakuna duveti. Mtoto alale chali kila mara, usiku na mchana, hata kama bibi atasema atapaliwa. Hapaliwi kwa sababu ya kulala chali. Njia yake ya hewa iko juu ya njia ya chakula akilala hivyo. Marekani walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Mwambie mama mkwe hivyo kwa upole, au umwombe muuguzi wa kliniki amwambie mbele yako. Mara nyingine maneno yale yale husikika vizuri zaidi yakitoka kwa mtu aliyevaa sare.

Najua wengi wetu hulala na watoto kitandani, nami sitajifanya sijui. Ukimnyonyesha umelala na usingizi ukakuchukua, si sawa na kusinzia kwenye kochi, lakini hatari ipo, na inaongezeka mtoto akiwa njiti, mmoja wenu akiwa amekunywa pombe au dawa ya usingizi, au mkijifunika mablanketi mazito. Ukizinduka, mrudishe kitandani mwake. Ndiyo maana nakitaka kiwe karibu hivyo.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni baridi, kwa sababu mwanao anakuja Julai. Kati ya Juni na Agosti usiku wa Nairobi huweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi, na nyumba zetu hazina joto lolote ila la jua na la miili yetu. Hapo ndipo mtu huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Binti yangu, jiko lisiingie chumba cha kulala, hata likiwa na makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri bila moshi, hata kwa nusu saa. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu. Mtu hasikii chochote, anasinzia tu, na kila msimu wa baridi jijini familia hukutwa zimekufa vitandani. Mueleze mama mkwe siku atakayofika, kabla baridi haijamfanya alitafute jiko. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake apate joto kwa nguo: nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe, na ukitaka kujua kama ana baridi mguse shingoni au kifuani, si mikononi, maana mikono ya watoto wachanga huwa baridi hata wakiwa salama. Kofia na shali ni za kutokea nje. Akilala ndani baada ya siku za mwanzo, kichwa kiwe wazi asipate joto kupita kiasi. Na hakuna kipasha joto kinachoshinda kifua cha mama au cha baba, ngozi kwa ngozi, wote wawili mmefunikwa leso, mkiwa macho. Baba watoto ajifunze hilo mapema. Kama dirisha halifungiki vizuri, kazi yake ya Jumamosi hii ndiyo hiyo. Na aangalie neti haijatoboka.

Vile vidonge vyeupe kwenye sanduku, tafadhali vitoe leo. Vingi hutengenezwa kwa nafthalini. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, jambo la kurithi ambalo halionekani kwa macho na ambalo si haba katika jamii zinazotoka sehemu za malaria. Mtoto wa aina hiyo akivishwa nguo zilizokaa na nafthalini, chembe nyekundu za damu yake huvunjika, anapata manjano kali, na manjano kali isipotibiwa hufika kwenye ubongo. Kuna wanaofikishwa hospitalini wamegeuka rangi kwa sababu ya blanketi zuri la ukumbusho lililotolewa sandukuni. Zifue nguo zote, uzianike juani na kuzipeperusha mpaka harufu iishe kabisa, na zile ambazo bado zinanuka mpe mtu mwingine azifanye matambara. Waambie na wa nyumbani: blanketi au shali lolote litakalotoka kwenye sanduku la bibi lipitie utaratibu huo kabla ya kumgusa mtoto.

Vinguo vya mitumba ni vizuri, wala usione haya. Pamba iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko mpya. Vichache vya saizi ya mtoto mchanga vinatosha, kwa sababu atavipita upesi. Fua kwa maji moto, piga pasi. Nepi za kitambaa zitakusaidia kupunguza gharama, lakini Julai hazikauki kwa siku moja kwenye kamba ya orofa ya tatu, na maji ni ya mgao, kwa hiyo changanya: kitambaa mchana, daipa usiku. Pipa la maji liwe na kifuniko kinachobana. Leo ni kwa sababu ya vumbi na mbu. Mwaka ujao, mtoto akianza kusimama kwa kushikilia vitu, pipa lililo wazi linaweza kumuua.

Nimefika kwa mama mkwe na mkosi. Usimbishie. Desturi hiyo iko katika jamii nyingi za kwetu, na naamini ilitokana na uchungu. Zamani watoto wengi walikufa wakati wa kuzaliwa, na mwanamke aliyerudi nyumbani mikono mitupu akakuta nguo zimepangwa alivunjika mara mbili. Mama mkwe wako anakukinga na hilo. Pengine kuna mtoto wake mwenyewe ambaye hajawahi kukusimulia. Lakini hospitali za umma humtaka mama aje na vitu vyake, na mtoto hawezi kufungwa kwenye gazeti kungojea maduka yafunguliwe. Mpigie simu, au bora mume wako ampigie, mumwambie: "Mama, tunaheshimu ulichosema. Hatutatandika kitanda wala kupanga nguo mpaka mtoto alie. Tutaweka tu begi la hospitali, kwa sababu wauguzi wametuagiza." Nadhani atakubali, maana amelea na anajua. Kitanda kikishakauka kikae kwa dada yako au kwa jirani, na mume wako akilete na kukifunga siku mkiwa wodini. Hakuna uongo hapo, nawe hutajihisi mwizi tena. Begi liwe tayari ukifika wiki ya 36: daftari la kliniki, kitambulisho, leso mbili au tatu, pedi kubwa za uzazi, pamba, nepi, nguo za mtoto, kofia, soksi, shali, slipa zako, na kikombe. Uliza kliniki kama hospitali uliyochagua inahitaji zaidi ya hayo.

Kazini, likizo yako ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007, na haiondoi likizo yako ya kila mwaka. Iombe kwa maandishi, angalau siku 7 kabla, ingawa ningekushauri uiombe mwezi mzima kabla ili wajipange. Sheria ya Afya ya 2017 pia inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Shule yenu huenda haina. Zungumza na mwalimu mkuu kabla hujaondoka, kwa sababu utarudi mtoto akiwa na miezi mitatu tu na maziwa yako ndiyo chakula chake chote mpaka afike miezi 6.

Na hao wenzako wanaouliza walete nini, waambie ukweli bila haya. Wakiungana pamoja wanaweza kulipia godoro la kitanda cha mtoto, lile gumu, ambalo ni ghali kuliko watu wanavyodhani. Anayetaka kuleta kitu chake mwenyewe alete daipa, au nguo za miezi 6 kwenda juu, kwa sababu za mtoto mchanga kila mtu atakuletea. Sherehe yenyewe omba ifanywe mtoto akishazaliwa, wakati mama mkwe yuko, naye aalikwe.